Sewa Haji na Nyumba Yake ya Bagamoyo

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ndugu wasomaji wa gazeti letu la shule, katika toleo hili napenda kuwaleteeni habari za maisha ya mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku na watu wengi sana, lakini wengi katika hao walitajao hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Huyo ni Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mkubwa wa Bagamoyo, aliyefariki dunia mwaka 1897. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa wasiojua mpaka likizo ya Desemba iliyopita. Kwa hiyo nitaanza kwa kueleza jinsi nilivyolijua jina hilo, kisha nitasimulia habari zake na za nyumba yake kwa utaratibu.

Baba yangu ni mtu wa kazi. Kwa miaka mingi alikuwa mchukuzi wa mizigo katika soko la Majengo hapa Dodoma. Magunia ya mahindi, ya karanga na ya vitunguu yaliyoteremshwa kutoka katika malori yalipita juu ya mabega yake, na madaftari yangu, sare zangu na godoro langu la bwenini vyote vilinunuliwa kwa mabega hayo. Mwaka jana alishikwa na maradhi ya tumbo yaliyohitaji kupasuliwa, akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Shule ilipofungwa nilipanda treni nikamfuata. Nilipofika na kuuliza alikolazwa, nikaambiwa yuko Sewahaji. Mimi nikadhani kwamba hilo ni neno la kiganga lenye maana ya ugonjwa fulani, nikashikwa na hofu kubwa. Kumbe lilikuwa jina la jengo.

Pale Muhimbili yako majengo ya wagonjwa yaitwayo Kibasila, Mwaisela na Sewahaji. Jina la Kibasila nalilikumbuka katika masomo yetu ya Vita vya Maji Maji. Sewahaji sikumkumbuka kabisa. Muuguzi mmoja wa makamo, mwenye upole mwingi, alinieleza kwamba huyo alikuwa Mhindi wa zamani aliyetoa fedha ili hospitali ijengwe, na zaidi ya hapo yeye naye hakuwa na habari. Nilipomweleza baba, hakuridhika. Baba hakuvuka darasa la saba, lakini mambo ya adabu anayajua sana. Kwetu Ugogo si vema mtu kulala katika nyumba ya mwenzake bila kujua jina la mwenye nyumba na habari za ukoo wake. Basi akanipa kazi. Kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba yetu, na Historia ni somo langu, nimtafutie habari za mwenye nyumba kabla hajaruhusiwa kutoka. Hivyo ndivyo nilivyoanza kutafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sewa Haji alizaliwa mwaka 1851, katika jamii ya Wahindi Waismailia waliokaa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Asili ya ukoo wake ni nchi ya Kutch, katika India ya magharibi, ambako watu wengi walivuka bahari kwa majahazi, wakisukumwa na pepo za kaskazi, kuja kutafuta riziki Unguja na mrima. Baba yake alikuwa na biashara Unguja na Bagamoyo, na kijana Sewa aliingia katika biashara hiyo angali bado mdogo. Wakati umri wake ulipokuwa kama wetu sisi wa Kidato cha Nne, yeye tayari alikuwa akipima nguo, akihesabu shanga na kuandika daftari la wadeni.

Ili mpate kuelewa utajiri wake ulitoka wapi, imenipasa nieleze kidogo jinsi biashara ya siku zile ilivyoendeshwa. Pembe za ndovu zilitakiwa sana Ulaya, Marekani na India, nazo zilitoka bara, mbali sana na bahari. Barabara ya magari haikuwapo, wala reli. Ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o na maradhi mengine njiani. Kwa hiyo kila kitu kilichokwenda bara na kila kitu kilichotoka bara kilichukuliwa na mwanadamu, begani au kichwani. Wapagazi walio wengi walikuwa Wanyamwezi. Walishuka pwani na pembe katika makundi makubwa, wakakaa Bagamoyo wakingoja mizigo ya kurudi nayo kwao. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa yapata kilo 30, na juu yake aliongeza mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Safari ya kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ilichukua miezi mitatu hivi, na mtu akienda Ujiji ilizidi.

Bara hakukuwa na sarafu za kununulia vitu kama pwani. Fedha ya njiani ilikuwa merikani, yaani ile nguo nyeupe iliyopewa jina la nchi ilikotoka, na kaniki, na shanga za rangi mbalimbali, na masango ya shaba. Tena kila nchi ilikuwa na matakwa yake. Shanga zilizopendwa mahali fulani, mbele yake hazikupokelewa hata bure. Mgeni aliyetoka Ulaya hakuyajua mambo hayo. Akishuka jahazini Bagamoyo alihitaji mtu wa kumwambia achukue nguo kiasi gani, shanga za namna gani, na wapagazi wangapi, kisha amtafutie vyote hivyo. Mtu huyo ndiye Sewa Haji. Wapelelezi wa nchi, wamisionari, wafanyabiashara, na baadaye hata serikali ya Wajerumani, walipita mikononi mwake. Yeye alipata faida kwa nguo alizouza, akapata tena kwa wapagazi aliowatafuta, na akapata kwa fedha alizokopesha.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, aliyekuja mwaka 1871 kumtafuta Dokta Livingstone. Katika kitabu chake alichokitoa mwaka uliofuata, Stanley alimlalamikia sana kijana mmoja mfanyabiashara wa Bagamoyo, wa miaka kama 20, ambaye kwa jina lake lilivyoandikwa na kwa habari zake ndiye huyu Sewa Haji. Alidai kwamba kijana huyo alimcheleweshea wapagazi na kwamba hesabu zake za nguo zilikuwa na ujanja mwingi. Huenda Stanley alikuwa na haki, na huenda alikuwa mgeni mwenye haraka aliyekutana na mtu ajuaye bei. Lakini sikupenda kulificha jambo hili, maana maisha ya mtu yakisimuliwa kwa sifa tupu hayamfundishi msomaji.

Hata hivyo Stanley aliwapata wapagazi wake, akaondoka kwa makundi matano, watu wapatao 190 kwa jumla. Mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni mwaka huo alipita hapa kwetu. Niliposoma majina ya vituo vyake nilisimama kusoma, nikarudia tena. Baada ya Mpwapwa alivuka Marenga Mkali, ile nyika isiyo na maji ya kunyweka. Akafika Mvumi, akapita Matumbulu, kisha Bihawana, akaendelea kuelekea magharibi. Ndugu zangu, Matumbulu ndiko alikozaliwa babu yangu. Bihawana wengi wenu mnapaona kila mkipita barabara ya Iringa. Kumbe nguo zilizopimwa katika duka la Bagamoyo zilifika mpaka penye visima vyetu!

Tena hazikupita bure. Watemi wa Ugogo walitoza hongo kila msafara uliopita katika nchi zao, na wageni waliandika kwa uchungu kwamba Wagogo ni watu wa tamaa. Babu yangu alikuwa akisimulia habari hiyo kwa namna nyingine, kama alivyoipokea kwa wazee wake. Nchi yetu ni kame. Kisima huchimbwa kwa mikono katika mchanga wa korongo, na mtama hupatikana kwa taabu. Msafara wa watu mia tatu au mia nne ukifika wakati wa kiangazi na kunywa kwa siku mbili, ng'ombe wa kijiji wanabaki na matope. Kwa hiyo hongo haikuwa wizi. Ilikuwa bei ya maji. Yule wa pwani aliweka bei ya nguo yake, na yule wa Ugogo aliweka bei ya maji yake, na kila mmoja alimwona mwenzake kuwa mjanja.

Kwa biashara ya namna hiyo Sewa Haji akawa tajiri. Bagamoyo ulikuwa ndio mlango wa bara nzima, naye alikuwa miongoni mwa walioshika ufunguo. Alikuwa na maduka, maghala na majumba, na nyumba moja kati ya hizo ndiyo hasa iliyonifanya niandike makala hii.

Mjomba wangu anayekaa Dar es Salaam alinichukua siku moja kwa basi mpaka Bagamoyo, umbali wa kilomita zipatazo 70, ili nikaone kwa macho yangu. Tulitembea katika mtaa wa kale, ambamo Wahindi walikuwa na maduka yao zamani. Nyumba nyingi zimebomoka. Ukuta umesimama na mti umeota ndani yake, na mlango wa nakshi umebaki peke yake kama mlinzi aliyesahauliwa na bwana wake. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyotolewa baharini, yakaunganishwa kwa chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Kuta zake ni nene hata mtu akikaa ndani mchana wa jua kali huhisi baridi ya kupendeza. Chini palikuwa duka na ghala, juu waliishi watu. Mwenye nyumba aliweza kusimama dirishani akaona mizigo yake ikifungwa barabarani na majahazi yake yakingoja ufukweni.

Sewa Haji alikuwa na nyumba ya namna hiyo, ya tabaka tatu. Kwa wakati ule, nyumba ya tabaka tatu katika mji wa makuti ilionekana kutoka mbali, nayo ilikuwa ushahidi kwa kila mtu kwamba mwenyewe amefanikiwa. Mwaka 1892, alipokuwa na miaka 41, aliitoa nyumba hiyo kwa serikali ili iwe shule.

Sasa nieleze hali ya nchi ilivyokuwa mwaka huo. Wajerumani walikuwa wameingia. Mwaka 1888 watu wa pwani walisimama dhidi yao chini ya Abushiri bin Salim, na vita vikaunguza sehemu kubwa ya Bagamoyo. Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Mwaka 1891 makao makuu ya serikali yakahamishwa kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, na Gavana wa kwanza, von Soden, akashika madaraka. Gavana huyo alitaka shule za serikali, kwa sababu alihitaji makarani na watu wa kuandika na kusoma katika maboma. Ndipo Sewa Haji alipotoa nyumba yake, lakini alitia sharti moja. Shule hiyo iwe wazi kwa watoto wa kila taifa, Waafrika, Wahindi na wengine, pasipo kubagua.

Jengo hilo na shule iliyoanzia humo ndivyo wenyeji wa Bagamoyo wanavyovihesabu kuwa mwanzo wa Shule ya Msingi ya Mwambao, nao husema kwa fahari kwamba hiyo ndiyo shule ya kwanza katika nchi yetu kufunguliwa kwa watoto wa rangi zote. Niliposimama mbele yake nilijaribu kuyaondoa macho yangu katika mambo ya leo, nikamfikiri mtoto wa kwanza wa mpagazi kupanda ngazi za nyumba ya tajiri akiwa na kibao cha kuandikia. Baba yake aliijua nyumba ile kwa upande wa ghala tu. Yeye aliingia kwa mlango wa mbele.

Ili sharti lile tulipime uzito wake, yafaa tukumbuke yaliyofuata. Wajerumani walitawala mpaka Vita Kuu ya kwanza, kisha wakaja Waingereza. Katika miaka hiyo yote shule za nchi hii zilitengwa kwa rangi. Wazungu walikuwa na zao, Wahindi walikuwa na zao, na Waafrika walikuwa na zao, na fedha zilizotumika kwa kila mtoto hazikulingana hata kidogo. Jambo hilo lilikomeshwa na sheria ya elimu iliyopitishwa mwaka 1961 na kuanza kutumika Januari 1962, baada ya nchi yetu kupata Uhuru. Toa 1892 katika 1962, utapata miaka 70. Kwa miaka 70 serikali mbili zilizokuwa na majeshi, meli na vyuo vikuu hazikufanya nchi nzima lile jambo ambalo mfanyabiashara mmoja wa Bagamoyo aliliandika kuwa sharti la nyumba moja.

Mwaka uliofuata, yaani 1893, Sewa Haji alitoa Rupia 12,400 ili ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa ajili ya wagonjwa Waafrika na Wahindi. Hospitali hiyo ilifunguliwa mwaka 1897 na kuitwa kwa jina lake. Ilihudumia watu mpaka miaka ya 1950, ndipo ikajengwa hospitali kubwa mpya, iliyofunguliwa mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, na baada ya Uhuru ikaitwa Muhimbili. Jina la Sewa Haji halikutupwa. Lilihamishiwa katika jengo mojawapo la wagonjwa, na hilo ndilo jengo alilolazwa baba yangu.

Sewa Haji mwenyewe hakupata nafasi ya kuzeeka na kuona matunda ya kazi yake. Alifariki dunia Unguja tarehe 10 Februari 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Katika wosia wake aliwakumbuka wagonjwa na watu wenye ukoma, akaagiza kwamba mapato ya mali yake yatumike kuwapa chakula na nguo. Watu wenye ukoma wakati ule walikimbiwa na kila mtu, hata na ndugu zao.

Nilipokuwa nikisoma habari hizi nilikutana na tajiri mwingine wa wakati huo, ambaye habari zake hutufunza tukizilinganisha na za Sewa Haji. Huyo ni Tharia Topan. Yeye naye asili yake ni Kutch, alifika Unguja akiwa mtoto, akapanda mpaka akawa msimamizi wa forodha na mkopeshaji wa misafara iliyokwenda bara. Mwaka 1887 aliweka jiwe la msingi la jengo zuri sana mbele ya bandari ya Unguja, liwe hospitali ya ukumbusho wa miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Lakini akafariki mwaka 1891 kabla halijakamilika. Mjane wake akalimaliza mwaka 1894, kisha likauzwa. Mwenye kulinunua aliweka zahanati chini na nyumba za kupangisha juu, ndiyo maana mpaka leo huitwa Zahanati ya Zamani. Baadaye likachakaa sana, hata lilipotengenezwa upya katika miaka ya 1990. Leo wageni husimama kulipiga picha kwa ajili ya roshani zake za nakshi.

Katika majengo hayo mawili, la Unguja ndilo zuri zaidi, hapana shaka. Lakini Tharia Topan alikusudia kujenga kitu kikubwa na siku zake zikaisha kabla ya kazi. Sewa Haji alitoa nyumba iliyokwisha kujengwa, angali hai, akiwa na nguvu za kutia sharti na kuulizia kama linatimizwa. Mimi naona kwamba hapo pana fundisho. Mtu atakaye kutoa, na atoe akiwa bado anaweza kusema jambo juu ya kile alichokitoa.

Lakini makala hii isingekuwa ya haki kama ningeishia hapa. Wako wasemao kwamba Sewa Haji alitoa nyumba na fedha ili kuwapendeza watawala wapya, kwa sababu biashara yake ilitegemea radhi yao. Huenda liko kweli ndani yake, maana mfanyabiashara hasahau faida hata siku ya sadaka. Tena liko jambo zito kuliko hilo. Misafara ile haikuchukua pembe tu. Njia ile ile ya Ugogo ilipitisha watu waliofungwa minyororo, na Bagamoyo ilikuwa miongoni mwa miji walikopakiwa majahazini. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini biashara yenyewe haikufa siku hiyo. Bunduki na baruti nazo zilipanda bara kutoka katika maduka ya pwani, na hatujui zilirudi zimeua wangapi, wanadamu na ndovu. Hapana tajiri wa misafara ambaye daftari lake lilikuwa jeupe tupu.

Na hata tukiacha utumwa, wako wapagazi. Hao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Wengi walikufa kwa ndui, kwa njaa, kwa kiu katika Marenga Mkali. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Naamini Sewa Haji aliyaandika madaftari yake vizuri sana. Nguo ziliandikwa, shanga ziliandikwa, pembe ziliandikwa kwa uzito wake. Lakini majina ya wengi waliozichukua hayakuja kuandikwa juu ya mlango wowote. Nyumba ya tabaka tatu ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na mimi naongeza, na kwa mabega.

Nilirudi Muhimbili nikamsimulia baba mambo yote haya, jioni mbili mfululizo wakati wa kuwatazama wagonjwa. Alisikiliza kimya. Nilipomaliza aliniuliza kama huyo Sewa Haji aliwahi kubeba mzigo hata siku moja. Nikamjibu kwamba sidhani. Baba akacheka mpaka akashika kidonda chake. Kisha akasema kwamba hata hivyo amemsamehe, kwa kuwa matajiri wengi hawabebi, na tena hawajengi hospitali. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka pia, na mmoja, mzee kutoka Rufiji, akasema kwamba kama mwenye nyumba angelikuwa hai angelifurahi kuona kwamba ndani ya wodi yake hapaulizwi taifa la mtu. Nilitazama vitandani. Kweli, palikuwa na Mgogo, Mndengereko, Mchaga, na kijana mmoja wa Kihindi aliyevunjika mkono na aliyekuwa akigawiwa chungwa na baba yangu. Sharti la Sewa Haji lilikuwa likitimizwa mbele ya macho yangu, na hapana aliyekuwa na habari nalo.

Baba alipona, lakini daktari alimkataza kubeba mizigo mizito maisha yake yote. Sasa anauza mboga na vitunguu pale pale sokoni, akikaa juu ya kibao na kutazama wenzake wakipita na magunia. Mimi nami nina mtihani wa taifa mbele yangu, na mwaka huu najua vizuri kuliko zamani nani aliyebeba nini ili mimi nikae darasani.

Misafara ilikwisha kwa sababu ya reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika hapa Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Behewa moja lilichukua mizigo ya mamia ya watu. Bagamoyo ikapoa, nyumba zikaanza kubomoka, na Dodoma, palipokuwa mahali pa kupita, pakawa mji. Leo Dodoma ni makao makuu ya nchi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatufikisha pwani kwa saa chache tu, katika njia ambayo wapagazi waliisumbukia kwa majuma mengi. Mwaka 2006 serikali yetu iliipendekeza njia hiyo ya kale ya pembe na watumwa, kutoka Bagamoyo mpaka Ujiji, iingizwe katika urithi wa dunia, na katika vituo vyake vilivyotajwa imo Mpwapwa, wilaya ya mkoa wetu huu.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji. Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tunatoka Mvumi, Matumbulu, Mpwapwa, Kilimatinde na vijiji vingine vilivyo katika njia ile. Tukienda likizo, tuwaulize babu na bibi zetu kama walisikia habari za misafara, kisima gani kilinywewa, mtemi gani alitoza hongo, na nani katika ukoo alikwenda pwani na mzigo na akarudi, au hakurudi. Tuyaandike majina hayo katika daftari moja, na walimu wetu wa Historia watusaidie kulihifadhi katika maktaba ya shule. Wazazi nao nawaomba wasichoke kujibu maswali yetu. Sewa Haji ana jengo lenye jina lake, naye amestahili. Waliobeba mizigo yake hatuwezi kuwajengea hospitali kwa sasa, lakini daftari tunaweza.

Mimi nimeanza. Jina la kwanza nililoliandika ni la baba wa babu yangu, ambaye kwa masimulizi ya nyumbani alifuata msafara mmoja mpaka Bagamoyo akiwa kijana, akarudi na upande mmoja wa merikani. Jina la pili ni la baba yangu.

Wasalaam.